Fungu Lililokwisha Kulipwa: Makadirio ya Pensheni ya Uingereza na Hesabu ya Waliojitoa

Katika nyaraka zote ambazo Serikali ya Uingereza huwaandikia watu waliopata kufanya kazi katika nchi ile, hapana waraka mfupi wa maneno ulio mwingi wa fadhaa kuliko ule wa makadirio ya pensheni ya uzeeni. Humwambia mtu kiasi cha pauni atakazopokea kila wiki atakapofikia umri wa kustahiki, humhesabia miaka aliyochangia Bima ya Taifa, na baada ya hapo, aghalabu katika ukurasa wa pembeni ambao wengi hawaufungui, humpa habari kwamba zamani alikuwa mwanachama wa mfuko wa pensheni uliojitoa katika sehemu moja ya mpango wa serikali, na kwa sababu hiyo hesabu yake imepunguzwa. Basi mtu aliyechangia miaka 42 bila kukosa, na ambaye amesikia kila mahali kwamba miaka 35 yatosha kumpatia mtu pensheni kamili, hujikuta akitazama tarakimu iliyo pungufu, ilhali jirani yake aliyechangia miaka michache kuliko yeye ameahidiwa zaidi. Na fikira ya kwanza imjiayo moyoni ni kwamba amedhulumiwa.

Hakudhulumiwa, au tuseme kwa uangalifu zaidi, hakudhulumiwa mahali pale anapopadhania. Kipunguo anachokiona ni nusu moja ya mapatano ya kale, ambayo nusu yake ya pili imeandikwa katika daftari la mtu mwingine, nayo Serikali, iliyokuwa mwaminifu wa kutosha katika hesabu, ilikuwa dhaifu mno katika kueleza, ikawaachia wazee wenyewe kazi ya kuziunganisha nusu mbili hizo katika umri ambao macho yamechoka na barua za zamani zimekwisha kutupwa.

Wala habari hii si ya Waingereza peke yao. Wapo watu wa pwani yetu na wa bara waliokwenda Uingereza kuwa wauguzi, makarani, walimu na madereva wa mabasi. Wapo waliohamia huko baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na wapo Waasia wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 wakaanza maisha upya katika miji kama Leicester. Na kwa kuwa hospitali za serikali, shule, halmashauri za miji, polisi, jeshi na ofisi za serikali kuu zote zilikuwa na mifuko iliyojitoa, kila aliyetumikia huko na akawa mwanachama wa mfuko wa kazi yake ana mstari huo katika makadirio yake, awe anaishi London au amekwisha kurejea Mombasa, Unguja au Kampala.

Ili tuujue mstari huo umetoka wapi, yatupasa turudi nyuma kidogo. Mpango wa pensheni uliotokana na ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942, nao ukaanza kazi tarehe 5 Julai 1948, ulikuwa wa usawa mtupu: tajiri na maskini walichangia kiasi kimoja na wakaahidiwa kiasi kimoja, nacho kilikuwa kidogo. Haukupita muda mrefu watu wakaona kwamba karani aliyezoea mshahara wa kadiri hawezi kuishi uzeeni kwa posho ile, na tangu mwaka 1961 likafanywa jaribio dogo la kuongeza juu ya pensheni ya msingi fungu lililofuata mshahara, jaribio ambalo mfumuko wa bei ulilila likabaki senti chache. Jaribio kubwa lilikuja kwa sheria ya mwaka 1975 iliyopitishwa na waziri Barbara Castle, ambayo utekelezaji wake ulianza tarehe 6 Aprili 1978. Na mpango huo, uliojulikana kwa herufi SERPS, uliahidi kumpa mstaafu, juu ya pensheni ya msingi, robo ya mshahara wake ulio kati ya kima cha chini na kima cha juu kilichowekwa, kwa kutazama ile miaka 20 ambayo alipata vizuri zaidi.

Hapo ndipo penye asili ya jambo letu. Makampuni makubwa na idara za serikali zilikuwa tayari na mifuko yao ya pensheni, mingine ya tangu karne iliyotangulia, na kuwalazimisha waajiri na waajiriwa wale wachangie mpango mpya wa serikali juu ya mfuko waliokuwa nao kungekuwa ni kuwatoza mara mbili kwa kitu kimoja. Kwa hiyo ikaruhusiwa, kama ilivyokuwa imeruhusiwa kwa namna ndogo mwaka 1961, mfuko wa kazini ujitoe katika fungu hilo la pili: mfuko uchukue dhima ya kumlipa mwanachama pensheni isiyopungua kadiri ya ile ambayo serikali ingemlipa, na serikali nayo, kwa kuwa imepunguziwa mzigo, ipunguze mchango wa Bima ya Taifa wa mwajiri na wa mwajiriwa. Mwaka 1978 punguzo hilo lilikuwa asilimia 7 ya mshahara ulio kati ya vima viwili, yaani asilimia 4.5 kwa mwajiri na asilimia 2.5 kwa mwajiriwa. Likaendelea kushuka kadiri miaka ilivyopita, hata katika miaka ya mwisho likawa asilimia 3.4 kwa mwajiri na 1.4 kwa mwajiriwa, ambaye badala ya kukatwa asilimia 12 alikatwa asilimia 10.6. Aliyetunza hati zake za mshahara za miaka hiyo akizitazama leo ataona kando ya mchango wa Bima ya Taifa herufi D, ambapo mwenzake asiyejitoa ana herufi A. Na tofauti yote ya pensheni zao imefungwa katika herufi hizo mbili.

Ni mfano wa mtu aliyeuza minazi kadhaa ya shamba lake kwa bei ya kulipwa vipande vipande, kisha siku ya kuangua, miaka 30 baadaye, akashangaa kuona hesabu ya nazi haifikii ya jirani, naye vile vipande amekwisha kuvisahau kwa sababu vilikuja vidogo vidogo, vikaingia katika matumizi ya kila siku. Kwa uadilifu yafaa niongeze kwamba aghalabu muuzaji hakuulizwa: mwuguzi aliyeajiriwa katika hospitali ya serikali alitia saini ya kuingia katika mfuko wa pensheni, na kujitoa kukaja pamoja na mfuko, bila ya kutakiwa atoe rai yake mintarafu ya SERPS, ambayo pengine hakuwahi hata kuisikia.

Lakini wako walioulizwa, tena walishawishiwa, na hao ndio ambao hali yao inanitia mashaka zaidi. Sheria ya mwaka 1986, iliyoletwa na waziri Norman Fowler, ilipunguza ahadi ya SERPS kutoka robo hadi asilimia 20, ikaacha kutazama miaka 20 iliyo bora na badala yake ikatazama wastani wa umri wote wa kazi. Na kwa wakati ule ule ikafungua mlango mwingine wa kujitoa, ambao kwa huo mtu binafsi, hata asiye na mfuko wa kazini, aliweza tangu mwaka 1988 kuchukua punguzo lake na kulipeleka katika akiba yake mwenyewe kwa kampuni ya bima. Serikali ikawa inailipa kampuni ile moja kwa moja, na kwa miaka ya mwanzo, hadi 1993, ikaongeza asilimia 2 juu yake kama kishawishi. Hapa hapakuwa na ahadi ya pensheni maalumu tena: palikuwa na chungu cha fedha kilichopanda na kushuka pamoja na masoko, kikikatwa ada za msimamizi mwaka hata mwaka. Mamilioni ya watu waliingia. Kijana aliyejitoa hivyo katika miaka ya mwisho ya 1980 na chungu chake kikakua yamkini alipata faida. Mtu wa makamo aliyebaki humo miaka mingi, wakati punguzo halilingani tena na kile alichokuwa akikiacha, alipata hasara. Na hesabu ya serikali haitazami chungu kilikua au hakikukua. Humkata kwa kanuni, kana kwamba kilitimiza kile kilichotarajiwa.

SERPS yenyewe ilifuatwa mwaka 2002 na mpango mwingine wa pili wenye huruma zaidi kwa wenye mishahara midogo na kwa wenye kulea watoto, ambao hata waliojitoa walipata humo nyongeza kidogo. Kujitoa kwa njia ya vyungu vya akiba kulikomeshwa tarehe 6 Aprili 2012, na kujitoa kwa njia ya mifuko yenye kuahidi pensheni maalumu kukakomeshwa tarehe 6 Aprili 2016, siku ambayo pensheni mpya ya serikali ilizaliwa. Siku hiyo pia mamilioni ya watumishi wa umma waliona mshahara wao wa mkononi umepungua bila ya mtu kuupunguza: herufi D ilikuwa imegeuka A.

Pensheni mpya, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya waziri Steve Webb, ilikusudiwa iwe nyepesi kueleweka, na kwa mtu anayeanza kazi leo ni nyepesi kweli: miaka 35 ya michango humpa kiasi kamili, miaka iliyo chini ya 10 haimpi kitu, na iliyo katikati humpa sehemu yake kwa kila mwaka. Lakini inawahusu wanaume wote waliozaliwa tangu tarehe 6 Aprili 1951 na wanawake waliozaliwa tangu tarehe 6 Aprili 1953, nao wengi wao walikuwa wamekwisha kufanya kazi robo tatu ya umri wao wa kazi chini ya kanuni za kale. Haikuwezekana kuwapa wote kiasi kimoja, maana aliyejitoa angekuwa amelipa kidogo na kupata sawa na aliyelipa kingi, tena akiwa na pensheni ya mfuko wake juu. Wala haikuwezekana kumnyang'anya mtu kile alichokwisha kukistahiki. Kwa hiyo kila mmoja akafanyiwa hesabu mbili kwa siku hiyo moja ya tarehe 6 Aprili 2016, na akapewa iliyo kubwa kati ya hizo kuwa ndiyo kiasi chake cha kuanzia.

Hesabu hizi hazieleweki kwa maneno matupu, basi natuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke aliyezaliwa mwaka 1959 alifanya kazi ya uuguzi katika hospitali za serikali kwa miaka 30, akaacha mwaka 2014, naye muda wote alikuwa katika mfuko uliojitoa. Kwa kanuni za kale anastahiki pensheni ya msingi iliyo kamili, kwa kuwa kanuni hizo zilitaka miaka 30 tu, nayo mwaka 2016 ilikuwa pauni 119.30 kwa wiki. Juu yake tumpe pauni 10 za nyongeza alizozipata tangu 2002. Jumla pauni 129.30. Kwa kanuni mpya anapewa sehemu 30 katika 35 za pensheni mpya, ambayo siku hiyo ilikuwa pauni 155.65, yaani pauni 133.41, kisha anakatwa kile kinachohesabiwa kuwa mfuko wake utamlipa badala ya serikali, na tukikadiria hicho kuwa pauni 45, anabakiwa na pauni 88.41. Iliyo kubwa ni ya kwanza. Kiasi chake cha kuanzia ni pauni 129.30, nazo zimepungua pauni 26.35 kufikia kiasi kamili.

Mwenzake, aliyekuwa katika kiwanda kisichojitoa, alichangia miaka 30 hiyo hiyo kwa herufi A, naye kwa kanuni za kale ana pensheni ya msingi na, tuseme, pauni 50 za fungu la pili, jumla pauni 169.30. Huyu amepita kiasi kamili. Ziada yake ya pauni 13.65 haikuchukuliwa, bali ikawekwa kando ikaitwa malipo yaliyolindwa. Ndiyo maana kuna watu wanaopokea zaidi ya kile ambacho magazeti hukiita pensheni kamili, na kuna wanaopokea pungufu, na wote wawili wamechangia miaka sawasawa.

Katika makadirio ya mwuguzi wetu, kile kiasi cha pauni 45, kikiwa kimekuzwa kwa thamani ya leo, kitaonyeshwa kwa herufi COPE, zenye maana ya pensheni iliyo badala ya ile iliyoachwa. Na katika mambo yote ya waraka huu, hili ndilo lililopoteza watu wengi zaidi, kwa njia mbili zinazopingana. Wako wanaoiona tarakimu hiyo wakaitoa tena katika kiasi walichoahidiwa, wakajihesabia ufukara usiokuwako. Kumbe kiasi kilichoandikwa mwanzo kimekwisha kupunguzwa, na hapana cha kutoa zaidi. Na wako wanaoiona wakaijumlisha, wakidhani kwamba Serikali itawaletea fungu hilo pia. Kumbe Serikali haitawaletea, kwa kuwa ni la mfuko wa kazini au la kampuni ya bima, na tena halitakuja kwa jina hilo wala peke yake, bali limo ndani ya pensheni ya mfuko, limechanganyika humo kama sehemu yake. Mwuguzi anayepokea kutoka katika mfuko wa hospitali pauni 150 kwa wiki asitazamie pauni 150 na 45. Zile 45 zimo katika 150.

Fauka ya hayo, kipunguo kilifanywa mara moja tu. Kila mwaka wa michango unaokamilika baada ya Aprili 2016 humwongezea mtu sehemu moja katika 35 ya kiasi kamili, hata akifikie, na miaka hii haina habari ya kujitoa kwa sababu kujitoa kumekwisha. Kwa pensheni ya mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2025, ambayo ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, sehemu moja hiyo ilikuwa takriban pauni 6.58. Mwuguzi wetu, lau angaliendelea na kazi, angalihitaji miaka sita, mitano ya kumwongezea kwa ukamilifu na wa sita wa kumalizia kidogo kilichobaki. Kwa hiyo makadirio ya mtu aliyejitoa, akiwa bado kazini, yana tarakimu mbili zisizo sawa: moja ya kile alichokistahiki hadi sasa, na nyingine ya kile atakachokistahiki akiendelea kuchangia hadi umri wa pensheni, na mwenye haraka husoma moja akaipeleka kwa mke wake kana kwamba ndiyo habari yote.

Aliyeacha kazi ya Uingereza kabla ya 2016 akarudi kwao hana miaka hiyo, isipokuwa akiinunua kwa michango ya hiari pale ambapo masharti yanamruhusu. Bei ya mchango wa hiari wa daraja la tatu kwa mwaka wa 2025 ilikuwa pauni 17.75 kwa wiki, yaani pauni 923 kwa mwaka mzima, na kwa kuwa mwaka mmoja wa baada ya 2016 ulileta takriban pauni 342 kila mwaka wa pensheni, fedha zilirejea kabla ya miaka mitatu kwisha. Ni biashara ambayo mfanyabiashara yeyote wa Darajani angeikimbilia. Lakini hapa palikuwa na mtego kwa walionunua miaka ya kabla ya 2016, jambo lililoruhusiwa hadi Aprili 2025, na aliyejitoa ndiye aliyekuwa mawindo yake. Mwuguzi wetu angekuwa na pengo la zamani, tuseme la mwaka 2015, na akalinunua, kanuni za kale zisingemwongezea kitu, kwa sababu miaka 30 ilikwisha kumpa pensheni ya msingi yote na michango ya hiari haiongezi fungu la pili. Na kanuni mpya zingempandisha kutoka pauni 88.41 hadi 92.86, nazo bado zingekuwa chini ya 129.30 alizokwisha kupewa. Angekuwa ameitia Hazina ya Uingereza fedha zake akapokea risiti tu. Pengo la kabla ya 2016 na pengo la baada yake huandikwa katika daftari moja kwa maneno mamoja, ya kwamba mwaka haukutimia, na ingawa mtandao wa Serikali siku hizi huonyesha kama mwaka fulani utaongeza kitu, miaka mingi ilipita watu wakinunua kwa kubahatisha. Mtu asilipe kabla ya kuuliza mwaka ule utamwongezea pauni ngapi.

Tukija kwenye ile nusu ya pili, kuitafuta ni kazi. Kampuni zimeuzwa na kununuliwa, mifuko imeunganishwa, makampuni ya bima yamebadili majina mara mbili na tatu, na barua zilitumwa kwenye nyumba ambazo watu walihama zamani. Serikali ya Uingereza inayo idara ya kutafuta mifuko iliyopotea, isiyotoza ada, ambayo kwa kupewa jina la mwajiri humpa mtu anwani ya mfuko unaoshika dhima yake leo; na tarakimu ya COPE katika makadirio, ambayo wengi huichukia, hapa ina manufaa yake, kwani ni ushahidi wa Serikali yenyewe kwamba upo mfuko mahali fulani uliochukua dhima ya kukulipa. Aliyekatwa COPE na hajui ni mfuko gani umlipe ana amana isiyodaiwa. Na mifuko iliyojitoa kabla ya 1997 bado inarekebisha hesabu zake, maana Mahakama Kuu, katika shauri la mfuko wa benki ya Lloyds lililoamuliwa tarehe 26 Oktoba 2018, iliamuru kwamba kile kima cha chini walichodhaminiwa wanachama kisawazishwe kati ya wanaume na wanawake kwa kazi iliyofanywa tangu tarehe 17 Mei 1990. Kwa hiyo si ajabu mzee kuletewa barua na mfuko alioudhania umekwisha kumsahau.

Wakenya wanaosoma haya huenda wakaona sura wanayoifahamu. Sheria yao ya mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, NSSF, ya mwaka 2013, ambayo viwango vyake vipya vilianza kutozwa Februari 2023, imegawa michango katika madaraja mawili, asilimia 6 kutoka kwa mwajiriwa na 6 kutoka kwa mwajiri, na inamruhusu mwajiri, akipata idhini ya mamlaka inayosimamia mafao ya wastaafu, kuipeleka michango ya daraja la pili katika mfuko binafsi. Lakini tofauti yake ni kubwa. Kwa kuwa NSSF humlimbikizia mtu fedha zake wala haimwahidi pensheni kwa kanuni ya mshahara, hapana kitu cha kumkata siku ya mwisho. Kilichokwenda kwingine kimekwenda, na kilichobaki kimebaki. Anachokihitaji mfanyakazi wa Nairobi ni kujua jina la mfuko na kulihifadhi.

Limebaki jambo la nyongeza za kila mwaka, ambalo katika makadirio halimo kabisa, nalo kwa msomaji aliye huku kwetu ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Ile pensheni ya chini iliyodhaminiwa na mifuko iliyojitoa kati ya 1978 na 1997 haikuwa na ulinzi sawa na wa serikali dhidi ya kupanda kwa bei: kwa sehemu ya hadi Aprili 1988 mfuko haulazimiki kuongeza chochote, na kwa sehemu iliyofuata hulazimika kuongeza asilimia isiyozidi 3. Zamani Serikali ilikuwa ikiijaza tofauti hiyo kimyakimya ndani ya pensheni yake yenyewe. Pensheni mpya ya 2016 ikauacha utaratibu huo, na wanachama wa mifuko ya makampuni wakapoteza kitu ambacho wengi hawakujua kama walikuwa nacho. Watumishi wa umma walinusurika, kwa kuwa Serikali iliamua kwamba mifuko yao ibebe nyongeza yote kwa waliofikia umri wa pensheni tangu tarehe 6 Aprili 2016.

Na pensheni ya serikali yenyewe, ambayo kwa mtu aliye London hupanda kila Aprili, haipandi kwa mtu anayeishi Kenya, Tanzania, Uganda wala Omani. Hulipwa huko, lakini hugandishwa pale ilipoanza, kwa sababu Uingereza huongeza tu kwa wanaoishi Ulaya au katika nchi zilizowekeana nayo mkataba unaoruhusu nyongeza. Jirani yetu Morisi imo, sisi hatumo, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mwezi Machi 2010, ilikataa kusema kwamba hiyo ni dhuluma ya kisheria. Aliyeanza kupokea pauni 155.65 Dar es Salaam mwaka 2016 anapokea hizo hizo leo, ilhali mwenzake wa Birmingham mwaka 2025 alipokea 230.25. Lakini mfuko wa hospitali hauulizi mwanachama wake anaishi wapi: pensheni yake huongezwa kila mwaka kufuata bei za Uingereza, akiwa Birmingham au akiwa Mkunazini. Kwa hiyo mwuguzi aliyestaafu na kurejea Unguja, anayelitazama fungu lile alilokatwa kwa sababu ya kujitoa, na kulihuzunikia kama kitu alichopokonywa, atakuta kwamba katika pensheni zake mbili fungu hilo liko ndani ya ile inayokua.